Saa ya Ukutani Iliyotembelea Nyumba Tano

Ngoja niwaambie kuhusu shangazi yangu, maana hili jambo nimekaa nalo kifuani mpaka basi.

Shangazi ni karani wa shule ya msingi ya hapa kwetu. Miaka kumi na saba sasa. Ofisi yake ni kachumba kenye dirisha la nondo linaloangalia uwanja, na kwenye hilo dirisha watu wote wa dunia wanapita: mzazi mwenye barua, mtoto aliyetapika, mwalimu anayetafuta chaki, mzee mmoja anayedai cheti chake cha kumaliza shule kila Jumatatu. Wote wanainama pale dirishani na wote wanaanza vilevile, "Karani, samahani, nina jambo dogo." Hajawahi kutokea mtu mwenye jambo dogo.

Mezani ana mhuri, ana kompyuta ambayo herufi K imeng'oka kwa hiyo anaibonyeza kwa ncha ya kalamu (jaribu kuandika barua ya Kiswahili hivyo, utalia), na ana droo ya chini iliyobandikwa karatasi: FAILI ZA ZAMANI. Hakuna faili hata moja humo. Kuna biskuti. Mtoto akiletwa ofisini eti anasinzia darasani, shangazi hamuulizi chochote. Anafungua faili za zamani.

Lile dirisha analijua pia kwa upande wa nje. Akiwa na miaka kumi na mbili alisimama pale tangu asubuhi hadi kengele ya mchana, anamsubiri karani wa wakati huo amruhusu arudi darasani wakati babu anazunguka kutafuta ada. Babu hakuipata. Shangazi akarudi nyumbani na madaftari yake kwapani, na shule yake ikaishia hapo. Kupiga chapa alijifunza baadaye kwenye kibanda cha mtu aliyekuwa anawaandikia watu barua. Hivyo mtu akimwambia, "Karani wewe ni mkali," anajibu, "Mimi? Wewe hukumwona yule wa kwanza."

Sasa tuje kwenye jiko, maana kila kitu hapa ni kuhusu jiko.

Shule yetu ilikuwa inawapikia watoto chakula cha mchana. Si kwamba shule ina hela, hapana, ilikuwa inapata ruzuku ya serikali, ile ya shule zenye watoto wengi wa familia zisizojiweza. Ili uipate, kila mwaka wazazi wanajaza fomu. Mnalala wangapi chumba kimoja, maji mnatoa wapi, mna viti, mna saa ya ukutani (ndiyo, saa ya ukutani, sijui nani alikaa akafikiria hilo), na mtoto anakula mara ngapi kwa siku.

Mwaka jana wazazi wote wakajaza: mara tatu.

Wote! Nyie, mtaa mzima ukaandika unakula mara tatu. Mama anayefua nguo za watu na watoto watano, mara tatu. Mlinzi wa usiku ambaye mshahara wake unakuja akipenda bosi, mara tatu. Fundi viatu akaongeza kwa mwandiko wake mzuri: "Na Jumapili mara nne." Ofisi ya elimu ikasoma, ikaona, ahaa, hawa wameshiba. Ruzuku ikakatwa. Mwezi wa kwanza mwaka huu jiko likafungwa, mpishi akarudishwa kwao, sufuria kubwa zikageuzwa juu chini na kuku wa jirani akaanza kutaga kwenye moja.

Mdogo wangu yuko darasa la pili. Tunamwita Kijiko, kwa sababu alikuwa anatembea na kijiko chake kwenye mfuko wa shati ili saa ya chakula asichelewe kwenye foleni. Jiko limefungwa, kijiko bado anacho. Ukimwambia akiache nyumbani anakuangalia kama umemwambia aache mkono. Na ile saa saba mchana watoto wanapotumwa nyumbani "mkale mrudi", nusu yao hawarudi. Watarudi na nini? Shangazi anawaona dirishani wanatoka, mchana anahesabu waliorudi, jioni anakuja nyumbani anavua viatu kwa kuvirusha.

Basi mwaka huu akaapa. Wiki tatu nzima alimwita mzazi mmojammoja dirishani, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa tuko mimi na wewe. Andika ukweli. Karatasi haina mdomo." Wengine walilia. Fundi viatu alibishana naye siku nne, kisha akaandika "moja" kwa herufi ndogo kama chungu. Fomu zikaenda. Ofisi ya elimu ikajibu: vizuri, tutatuma mhakiki. Atachagua nyumba tano, aingie, aone kwa macho. Zikionekana tatu kati ya tano zina uhitaji kweli, ruzuku inarudi, jiko linafunguliwa. Ziara iwe ya kushtukiza, wazazi wasiambiwe.

Barua akaisoma shangazi, akaisoma Mwalimu Mkuu. Na Mwalimu Mkuu, naomba mnielewe, si mtu mbaya. Ni mtu anayependa wageni. Ukimwambia mgeni anakuja, akili inamtoka. Shangazi akamwambia, "Mwalimu, hii tusimwambie mtu." Akasema, "Kabisa, karani, kabisa." Kesho yake asubuhi akasimama mbele ya mstari wa wanafunzi na kipaza sauti:

"Waambieni wazazi wenu Alhamisi tunapokea mgeni mkubwa kutoka ofisi ya elimu! Atapita majumbani! Asitukute hivi hivi!"

Shangazi anasema alisikia akiwa ofisini na akabonyeza herufi K ikaandika mstari mzima.

Sasa hapa lazima mwelewe jambo moja la mtaa wetu. Kwetu mgeni hafiki kwa mtu akakuta nyumba tupu. Haijawahi kutokea. Kuna vyombo ambavyo ni vya mtu mmoja lakini ukiwa na mgeni ni vyako. Glasi sita zenye ukingo wa dhahabu ni za mama fundi cherehani. Viti viwili vyenye mito myekundu ni vya kinyozi. Kitambaa cheupe cha meza na sinia la maua ni vya muuza mkaa. Na saa ya ukutani, kubwa, ina picha ya farasi, ni ya mzee wa duka. Ile saa imesimama kwenye saa tisa na dakika tano tangu mimi sijazaliwa, lakini ukutani inapendeza. Ukiwa na mgeni unasema tu, "Nina mgeni," huongezi neno, na mtu hawezi kukunyima. Mchumba akija kuposa, glasi hizo. Daktari akija kumwona mgonjwa, glasi hizo. Nimeziosha mimi mwenyewe mara nyingi kuliko za nyumbani kwetu, ambazo hatuna.

Alhamisi ikafika. Mhakiki akaja: kijana mwembamba, viatu vipya vinavyolia, faili kubwa, mwavuli mweusi. Hakuwa na gari la kuzunguka nalo kwa hiyo akachagua nyumba tano za mtaa mmoja, mtaa wetu. Ya kwanza kwa fundi viatu. Ya pili kwa mama mfua nguo. Ya tatu kwa mlinzi. Ya nne kwa muuza mkaa. Ya tano, kwetu. Shangazi ndiye wa kumpeleka.

Yaliyotokea kwenye nyumba nne za kwanza amenisimulia mara nyingi, na kila mara anaongeza sauti.

Kwa fundi viatu waliingia wakakuta kitambaa cheupe, viti vyenye mito, soda ndani ya glasi ya ukingo wa dhahabu, na saa ukutani. Fundi amevaa shati limepigwa pasi mpaka limesimama lenyewe. Mhakiki akakaa, akafungua faili.

"Viti?"

"Hivyo umekalia," fundi akasema.

"Saa ya ukutani?"

"Ile pale."

"Imesimama, mzee."

"Inapumzika."

"Watoto wanakula mara ngapi?"

Fundi akamwangalia shangazi. Shangazi akamtolea macho. Fundi akaangalia ile soda, akaangalia mgeni, akanyoosha mgongo. "Tatu," akasema. "Mgeni wangu, kunywa basi, usione aibu."

Shangazi akaona sawa, moja imeharibika, zimebaki nne. Wakatoka. Kwa mama mfua nguo wakakuta kitambaa cheupe, mito myekundu, soda. Hapo alikuwa bado anawaza kwamba labda mama naye ana vitambaa vyake. Kwa mlinzi, akiinua macho, akamwona farasi. Farasi yuleyule, saa tisa na dakika tano. Na nyuma ya pazia anasikia watu wanahema, hah, hah, hah, kama waliotoka kukimbia mbio za shule.

Ndiyo. Wakati shangazi na mhakiki wanatembea polepole kwa njia ya mbele, mama fundi cherehani amebeba sinia la glasi, kinyozi viti viwili kichwani, wanakimbia uchochoro wa nyuma kufika nyumba inayofuata. Na mtoto mmoja amekumbatia saa.

Mniambie nyie, angefanya nini? Angesema, "Mheshimiwa, hivi si vyao"? Mbele ya mlinzi wa watu, aliyekosa usingizi wake wa mchana ili ampokee mgeni? Mbele ya mke wake aliyejipaka mafuta mpaka anang'aa?  Mhakiki akatia alama: viti, ndiyo. Saa, ndiyo. Milo, tatu. Kwa muuza mkaa hivyohivyo, tena huyo akaongeza kwamba chakula kinabakia mpaka wanawapa paka. Hana paka.

Nne kwa sifuri. Shangazi anasema alipofika mlangoni kwetu alikuwa amekaza meno mpaka masikio yanauma.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimerudishwa kutoka sekondari kufuata mchango wa ukarabati, hasira nyingine hiyo, tuiache. Bibi, yaani mama yake shangazi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi kama amezaliwa hapo. Glasi mezani. Kitambaa mezani. Na msumari wa saa niliupigilia mimi, sitaki kudanganya. Bibi aliniambia pigilia, nikapigilia. Mgeni ni mgeni, sikufikiria.

Mhakiki akaingia, akainua macho ukutani. 

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, karibu, karibu ndani."

"Bibi, hivi saa zote za mtaa huu zilisimama pamoja?"

"Zilinunuliwa pamoja," bibi akasema, wala hakupepesa.

Nilicheka. Samahani, nilicheka. Shangazi hakucheka. Alisimama mlangoni, anaangalia ile saa, halafu akauliza polepole, "Mama. Hii saa ya nani?"

"Ya kwetu."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Una neno?"

"Na hiki kiti?"

"We mtoto, una mgeni halafu unahesabu viti? Nani alikulea?"

"Ulinilea wewe, mama, na hukunilea kwenye hiki kiti!"

Akaenda moja kwa moja akaishusha saa. Akachukua kitambaa, glasi mbili zikagongana, bibi akapiga kelele, "Za watu hizo!" Hapo hapo akaziba mdomo kwa mkono, maana ameshasema. Shangazi akaenda kona ya jiko, akaleta ile sufuria yetu, akaifunua mbele ya mhakiki. Ilikuwa safi. Safi kwa sababu haikuwa imepikiwa kitu tangu jana jioni.

"Andika hiyo," akasema.

Bibi aliinuka kwenye kiti, akaingia chumbani, akafunga pazia.  Ningependa angalau angetukana.

Mhakiki akaandika.  Kisha akasema, "Dada karani, nimeelewa. Lakini hii ni moja. Zinatakiwa tatu. Nyumba nyingine nimeshaziandika, na mimi naandika ninachokiona."

"Umeona saa moja mara tano!"

"Fomu haiulizi ni saa ileile au la. Inauliza ipo au haipo."

 Nikamwona shangazi macho yanazunguka chumbani: viti viwili, glasi sita, kitambaa, sinia, saa mkononi mwake. Vyote viko kwetu. Vyote! Akageuka, akamwangalia mhakiki kuanzia viatu mpaka mikono, na sauti yake ikawa tamu ghafla, sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia na natumaini sitaisikia tena.

"Mwavuli wako uko wapi, kaka?"

Mhakiki akajipapasa. "Ah. Nimeuacha... nadhani nyumba ya kwanza."

"Nyumba ya kwanza, kweli. Twende tukauchukue."

"Si umtume huyu binti?"

Nikasimama. Shangazi akanitupia jicho. "Huyo mguu unamuuma," akasema.

Nikaanza kuchechemea palepale, nikakaa.

Wakatoka. Na mimi mguu ukapona, nikawafuata kwa mbali.

Kwa fundi viatu mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa na mkeka, rundo la soli, na msumari mpya ukutani ambao haukubeba kitu. Watoto wanne wamekaa sakafuni wameizunguka glasi ya plastiki: fundi alikuwa ameimiminia ile soda aliyoibakiza mgeni, na wanapokezana, kila mmoja funda moja, mkubwa anasimamia kama refa. Fundi mwenyewe amelivua shati la pasi, amevaa lile la siku zote, ameinama na ule mwavuli magotini, anashona.

"Ah, mgeni! Nilikuwa nakuja kukuletea," akasema. "Waya mmoja ulikuwa umeachia kitambaa. Nimekushonea. Usinilipe."

Mhakiki akasimama katikati ya chumba, anatafuta pa kukaa kwa mazoea. Hakuna.

"Mzee, viti viko wapi?"

Fundi akaangalia chini. "Vimetoka kidogo."

"Na saa?"

"Nayo ilikuwa na safari."

Wala hakuna aliyecheka. Yule refa mdogo akamnyooshea mhakiki glasi, eti ni zamu yake.

Baada ya hapo shangazi hakuhitaji kisingizio tena, mhakiki mwenyewe alitembea. Kwa mama mfua nguo wakamkuta amekaa kwenye tofali, anarudisha beseni la kufulia pale viti vilipokuwa. Kwa mlinzi wakamkuta amelala sakafuni na koti la kazi ndilo shuka. Kwa muuza mkaa, mke wake akawaona kutoka mbali akafunga mlango, wakasikia anamwambia mumewe, "Wanarudi! Viti viko wapi? Mungu wangu, viti viko wapi?"

Mhakiki akakaa kwenye jiwe nje ya nyumba ya muuza mkaa, akatoa fomu nyingine tano, akazijaza upya, na hakumuuliza mtu swali. Alipomaliza shangazi akanyoosha mkono. "Sasa zile za kwanza chana."

"Siwezi. Zina namba. Nikichana naulizwa."

"Si umeona mwenyewe!"

"Nimeona zote mbili, dada. Nitapeleka zote mbili na maelezo. Watu wa ofisi wataelewa."

Shangazi alibishana naye mpaka njia kuu. Alimwambia watu wa ofisi hawasomi maelezo, wanasoma visanduku. Akamwambia kuna mtoto nyumbani kwake anatembea na kijiko mfukoni tangu mwezi wa kwanza. Kijana alikuwa karibu kulia, kusema kweli, lakini alikuwa mgeni kazini na viatu vyake vilikuwa bado havijalipiwa, alisema mwenyewe. Akaondoka na seti mbili na mwavuli uliopona.

Bibi hakumsemesha shangazi siku tisa. Siku ya kumi alimsemesha: "Umetuvua nguo mbele ya mtu." Mama fundi cherehani alizichukua glasi zake bila salamu na moja ilikuwa imebanduka ukingo. Muuza mkaa akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Na dirishani, ambako zamani watu walijaa, wakawa wanamtuma mtoto. Shangazi alikuwa anarudi jioni, anakaa, anasema, "Si nilitaka wale tu? Nilitaka kitu gani kingine mimi?"  Anavirusha viatu.

Wiki kumi na moja tukasubiri barua. Ilipokuja, Mwalimu Mkuu aliisoma kwa sauti ofisini kwake, na shangazi akaomba aisome tena.

Ofisi ilikuwa imepokea ripoti kumi za nyumba tano. Mbili, za nyumba ya tano, zinakubaliana kwamba haijiwezi. Ripoti nne zinaonyesha familia zinajiweza. Ripoti nne za familia hizohizo zinaonyesha hazijiwezi. Kwa sababu hiyo, baada ya kutafuta wastani, familia hizo zimehesabiwa kuwa na uhitaji wa nusu. Shule itapewa nusu ya ruzuku.

Uhitaji wa nusu. Naomba mtu aniambie njaa ya nusu inaanzia wapi na kuishia wapi. Anayeweza kunionyesha kwenye tumbo lake aninyooshee kidole.

Mpishi akarudishwa, kuku akafukuzwa, sufuria zikasuguliwa siku mbili. Wiki ina siku tano za shule. Nusu yake, mkihesabu vizuri, ni siku mbili na nusu. Kwa hiyo Jumatatu wanakula, Jumatano wanakula, na Ijumaa wanakula nusu sahani. Mpishi alikuja dirishani na mwiko wake kuuliza nusu ya mwiko ni kiasi gani, atie alama na kisu. Shangazi akamwambia, "Pakua tu," lakini mahindi yanaletwa kwa kipimo, ukipakua tu ya Ijumaa, Jumatatu hayafiki.

Darasa la pili hawajui kusoma vizuri bado, lakini siku za wiki wanazijua kuliko mimi. Kijiko anaamka anauliza, "Leo nini?" Ukisema Jumanne anakitoa kijiko mfukoni, anakiangalia, anakirudisha.

Na sasa fomu za mwaka mpya zimekuja. Mhakiki atakuja tena, barua imesema mwezi ujao, na imesema tena kwa kushtukiza.

Safari hii shangazi hakumwambia Mwalimu Mkuu. Barua aliiweka kwenye faili za zamani, chini ya biskuti. Halafu jioni akajifunga kanga, akaenda mwenyewe mlangoni kwa mama fundi cherehani, ambaye walikuwa hawajasalimiana tangu mambo yale. Nilikuwa nyuma yake.

"Hodi."

 Mashine ya cherehani ikasimama. "Nani?"

"Mimi. Nina mgeni."

Mama fundi akatoka. Wakaangaliana. "Mgeni gani?"

"Si unamjua."

"Anakuja lini?"

"Mwezi ujao."

"Mwezi ujao, na unaazima leo?"

"Naazima leo. Nitarudisha akishaondoka mtaani kabisa."

Mama fundi akashika ukingo wa mlango. Nilidhani atatufungia mlango. Lakini ukishasikia nina mgeni, kwetu huwezi kunyima, na yeye hajawahi. Akaingia ndani, akarudi na glasi sita amezifunga mojamoja kwenye vipande vya kitambaa. Akamkabidhi. Chini ya glasi ya mwisho kulikuwa na fomu ya mwanawe imekunjwa mara nne, na shangazi hakuifungua palepale, aliitia mfukoni.

"Moja ina kasoro," mama fundi akasema. "Uliibandua wewe."

"Najua, dada yangu."

Kwa kinyozi akachukua viti. Kwa muuza mkaa, sinia na kitambaa. Kwa mzee wa duka, saa. Kila mahali, "Nina mgeni," na kila mahali wanajua mgeni ni nani, wanatoa, wengine wanaangalia pembeni. Tulivibeba vyote mpaka shuleni, tukavirundika ofisini kwake chini ya meza, tukafunika na magunia. Akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nilimwona anatembea kurudi nyumbani bila kukaza meno.

Asubuhi yake nilimsindikiza na chupa yake ya chai kabla ya kwenda shule. Tukakuta mlango wa ofisi uko wazi. Mwalimu Mkuu ana ufunguo wa pili.

Magunia yalikuwa uwanjani. Kitambaa cheupe kilikuwa juu ya meza ya shangazi, kimenyooshwa vizuri, glasi sita kwenye sinia, na Mwalimu Mkuu amesimama juu ya kiti cha kinyozi bila viatu, nyundo mkononi, anapigilia msumari juu ya dirisha. Nje watoto wamejazana kwenye nondo wanamwangalia farasi.

"Karani!" akasema, uso wote umejaa furaha. "Kumbe ulikuwa unajiandaa kimyakimya! Safi sana! Mgeni wetu atakaa hapa hapa, atapumzika, atakunywa kitu kabla ya kwenda mitaani. Anakuja lini? Nitangaze?"

 Shangazi alikwenda akashika kile kiti kwa mikono miwili kisicheze, akasubiri ashuke.